Jina Lililo Ndani ya Kitabu

Kashuga, Jumatano asubuhi

Kwako kaka yangu mpendwa Polycarpe,

Pokea salamu za dada yako Gentille na za watoto. Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Mguu wako umepona? Na wanafunzi wako wamerudi wote darasani? Naogopa, kaka. Simu yangu wameichukua, ndiyo maana nimemtuma Mama Valérie, jirani yangu. Atapanda pikipiki mpaka Walikale, kisha aje kwa miguu. Mpe maji, halafu soma upesi.

Unakumbuka kitabu ulichoniachia, cha yule Mmarekani aliyewatetea wakulima? Kile ambacho jalada lake liliozeshwa na mvua tulipokuwa kambi ya wakimbizi. Nimekisoma mara nne. Basi Papa Esdras, mwenye nyumba ya video ambako mimi huwaelezea watu filamu kwa Kiswahili, alipata filamu iliyotokana na kitabu hicho. Jumapili baada ya misa watu walijaa mpaka madirishani.

Filamu ile ilinikasirisha. Mwandishi alisema wazi kwamba tajiri aliyewanyang'anya watu mashamba alizeeka akila vizuri, mpaka asubuhi moja wakulima wakarudi wakang'oa nguzo za uzio wake. Watu wa sinema wameutia mwisho huo sukari: tajiri analia, anaomba msamaha, muziki unapigwa, basi. Nami mbele yangu wamekaa watu waliolima maharage miaka yote kwenye kilima ambacho leo komanda wa wenye bunduki amekizungushia senyenge. Niwaambie kwamba tajiri alilia? Nilishusha sauti ya mashine, nikawaeleza mwisho wa kitabu. Tajiri analia, mimi nasema anacheka. Walipiga makofi sana, na mimi nikajiona mkubwa.

Jumatatu kulipopambazuka, nguzo za kilimani zilikutwa zimelala chini.

Jana watu wa komanda walikuja, sita, na bunduki zao. Walimpigisha Papa Esdras magoti kwenye matope, wakauliza ni nani aliyetunga maneno ya kung'oa nguzo. Nilisema yametoka kitabuni, ni ya Mmarekani, na alikufa zamani. Mkubwa wao alicheka, akasema Mmarekani hajui kilima chao. Wakataka kitabu. Nilikitoa nyuma ya gunia la maharage. Kaka, hakina jalada. Jina pekee lililobaki humo ni lako, uliloliandika kwa kalamu ya biki kwenye ukurasa wa kwanza: Polycarpe Manzi, mwalimu, Itebero.

Mkubwa alilisoma polepole, kisha akaniuliza: « Huyu muntu njo aliandika? » Mdomo wa bunduki ulikuwa shingoni mwa Papa Esdras. Ningeweza kusema kwamba hilo ni jina la mwenye kitabu tu, na kwamba aliyewaeleza watu mwisho ule ni mimi. Nilijibu kwamba ndiye: « Njo yeye. »

Nimekuuza, kaka. Sina neno lingine. Walimwachia Papa Esdras, wakaondoka na kitabu na simu yangu, na niliwasikia wakiulizana njia ya Itebero. Kila pikipiki ikilia barabarani nafikiri ni wao, wanaelekea kwako, na wewe umesimama ubaoni na chaki mkononi, hujui lolote.

Ondoka leo hii. Usije kwenye ubatizo wa mwanangu. Usinijibu, wala usinijulishe unakoenda, maana mdomo wangu sasa unaujua.

Msalimie wifi yangu Estelle, umwombe anisamehe akiweza. Nawaombea nyote kwa Mungu. Na wakikufikia kabla hujatoka, usiichane barua hii. Wape waisome. Ndiyo sababu nimeandika jina langu lote hapa chini, na kazi yangu, na kijiji changu, jinsi ulivyoandika wewe kitabuni.

Gentille Byukusenge, mwelezaji wa filamu, Kashuga.