Mstari Uliokuwa Ukiubusu

Mama,

Arubaini yako imepita na bado nikirudi kisimani nnakuita. Nnajua hukujua kusoma. Lakini nimwambie nani mwengine?

Nnataka kusema juu ya ile picha yako ya chapa, aliyorudi nayo bibi kutoka Hija. Tulipoikimbia Unguja uliacha bangili zako, picha ukaizungushia kanga ukaikumbatia. Hapa Darsait, ng'ambo ya bahari, uliitundika kwenye ukuta wa makuti kabla hatujapata hata mkeka. Karatasi tu, imechapwa Bombay, rangi zimepauka. Lakini dini yako yote ilikuwa mle: Kaaba, kuba la kijani la Madina, taa, mizani, na makubadhi ya Mtume. Baba yako alikukataza chuo, ati mtoto wa kike akijua khati atawaandikia wanaume. Basi ukanisomesha kwa kidole. "Mizani hii, mwanangu, inapima hata neno." Na majirani wasioijua alifu walikuja kukaa chini, ukawasomea na wao.

Chini ya picha pana mstari wa Kiarabu. Kila alfajiri uliugusa, ukavibusu vidole. Ulisema ni salawat, maneno ya kumsalia Mtume.

Mimi ndiye niliyejifunza kusoma. Siku ile, wanawake wamejaa, nikataka nionekane nnajua. "Mama, hii si salawat. Ni jina la mpiga chapa na mtaa wa duka lake."

Bi Zuwena, jirani yetu, akacheka. Wewe ulikitazama kidole chako. Ukasema polepole, "Miaka yote hii, nikimbusu mpiga chapa?" Ukaishusha picha, ukaikunja, ukaitia chini ya godoro.

Hukuwasomea tena. Homa ilipokushika nilikufungulia picha ile mbele yako, nikakuomba unisomee kama zamani. Ukageukia ukutani. "Soma wewe unayejua." Nikakusomea Yasini mpaka sauti ikanikauka. Hukugeuka. Mama, uliondoka hujageuka!

Jana alikuja Bi Zuwena, macho yake yanaingia ukungu. Akaniomba aione picha kabla hajapofuka. Akaniambia, "Siku ile nilicheka kwa haya. Mimi pia nilikuwa nnaubusu ule mstari, wewe ukitoka." Nikakishika kidole chake. Mizani nikampa maneno yako. Taa nikampa. Tulipofika kwenye makubadhi nikakwama. Ulikuwa ukisema nini pale? Nimekusikia mara mia, Mama, na nimesahau. Nimekwenda mlango kwa mlango kuuliza. Kila mmoja ana kipande chake, na hakuna anayejua ulivyosema wewe. Nnaweza kusoma kitabu kizima, na hilo moja siwezi kulisoma.

Silali. Chakula hakinipiti. Watu wananiambia nisubiri, nishukuru, umri wako ulifika. Hawajui nilichokufanyia. Mungu anajua, na wewe unajua.

Nimeitundika tena picha yako. Ijumaa wanawake watakuja, nimewaita mwenyewe. Nnakuahidi sitajifanya nnajua nisilolijua. Wala sitaanza na Kaaba. Nitaanza kwa kuwaambia ni nani aliyekunyamazisha, waniangalie usoni, kisha atakayetaka kubaki nitamsomea.

Buriani, Mama. Nigeukie huko uliko, hata mara moja.

Mwanao