Sentensi ya Tatu

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo Kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kikohozi cha vumbi la gereji kimekuachia. Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula umekaa, au bado unadonoa umesimama kama kuku. Baba naye hajambo, ila macho yamezidi kumpungua nguvu, na saa ndogo za kike zinazoletwa dukani kutengenezwa siku hizi anawarudishia wenyewe bila kuzifungua.

Masomo yanaendelea vizuri. Mwalimu wetu wa Kiingereza ana utaratibu wake. Kila mwanafunzi huchota nomino moja kwenye kopo la chaki, na kwa wiki mbili neno hilo ni lake. Lazima ajue maana zake na atunge sentensi tatu, ya tatu iwe ya kweli na imhusu mwenyewe. Hiyo ya tatu humsomea mzazi na kumtafsiria, mzazi akatia sahihi. Mwenzangu wa dawati alichota neno la sufuria, tukamtania wiki nzima. Mimi nilichota witness.

Kaka, maana yake ni shahidi. Kamusi inasema ni mtu aliyeona tukio. Tena ni yule anayeeleza mahakamani alichokiona. Tena ni anayetia sahihi kando ya sahihi za wengine, kama kwenye hati ya kuuziana kiwanja. Sentensi mbili za mwanzo hazikunisumbua. Katika ya tatu niliandika kwamba nilikuwa shahidi wa mvua ya mawe. Mwalimu aliirudisha. Alisema sarufi haina kasoro, lakini mvua ile haikuhitaji shahidi, maana kila mtu aliloa. Akaniambia nitafute jambo ambalo nisipolisema mimi, hakuna mwingine wa kulisema.

Sikuhitaji kulitafuta. Unajua jinsi mkunga mstaafu alivyoifuata saa yake, ile aliyozawadiwa siku ya kuagwa kazini, na bahasha yenye namba iliyotiwa saa hiyo isionekane kwenye droo ya dukani. Baba alisema ufunguo wa droo ulikuwa kwako. Fundi viatu wa mlango wa pili akaongeza chumvi, kwamba una mkono mrefu. Ulijitetea mara mbili, kisha ukafunga begi.

Kaka, siku moja kabla ya hapo nilikuwa nyuma ya kaunta nikifuta vioo. Alikuja mchuuzi wa saa kuukuu kuchukua zake. Baba alizisogeza bahasha karibu na pua asome namba, akazitia zote kwenye mfuko wa yule mtu, na ya mkunga ikiwamo. Niliiona, kwa kuwa ule mkanda wa buluu wa saa yake ulikuwa umechungulia nje. Nilidhani Baba anajua anachofanya. Maneno yalipochacha nilielewa, lakini niliogopa watu wakisikia kwamba fundi saa haoni, hakuna atakayemletea saa tena. Nikanyamaza, ukaondoka wewe na jina baya lisilo lako. Mchuuzi hajaonekana tena.

Jumamosi iliyopita nilimsomea Baba sentensi yangu mpya ya tatu, ya saa ile, kisha nikamtafsiria. Aliitoa lenzi jichoni, akaniomba nirudie polepole. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ile, nikamweleza. Hakunigombeza. Alitia sahihi, nayo ikaenda nje kabisa ya mstari. Kisha akafunga duka mchana mweupe, akaniomba nimshike mkono hadi kwa mkunga, akamwambia kila kitu. Mkunga alisema saa imeshakwenda, ila wewe usiende nayo. Tuliporudi, Baba alisimama mbele ya wateja wa fundi viatu akayarudia yale yale. Fundi viatu, hana haya, akasema yeye siku zote alikuwa akikutetea.

Baba hajaniagiza nikuombe urudi. Anasema maneno yale alikutamkia usoni, na ya kuyafuta atayatamka usoni vilevile. Tunakuja Jumapili, mimi nikimsomea vibao vya mabasi. Usipotufungulia, tutakaa kwenye ngazi hadi basi la jioni, na hatutakulaumu.

Na mimi nisamehe Kaka, ukiweza. Usiharakishe kunisamehe kwa sababu tu mimi ni mdogo.

Wasalimie mafundi wenzako. Mama anasema Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Karani