Askofu wa Seng'enge Aliyeandikwa Mali ya Kampuni

Al Qusais, Dubai
Jumatano, baada ya zamu

Kwako Mama Samweli, mke wangu wa tangu zamani,

Kabla hujafungua huo mfuko uliokuja pamoja na barua hii, kaa kitini kwanza. Nakujua, mikono yako haina subira. Soma mpaka mwisho, na kama miwani imepotea tena ndani ya unga, mpe Neema akusomee, ila akifika mahali pa aibu aruke.

Hali yako? Lile goti lako la kushoto linalojua mvua kuliko redio linasemaje? Wajukuu wanakula? Na yule kuku mwenye upara, bado anatagia upande wangu wa kitanda? Mimi kwa upande wa kupumua sijambo. Kwa upande wa meno, yamebaki yale yale saba, yanasalimia. Kwa upande wa moyo sitakudanganya, hali ni mbaya, mbaya sana, na ninakuandikia kwa sababu simu haitoshi kusema haya.

Tangu uliponipigia ukaniambia kiboko amefika mpaka mlango wa jikoni, sijapata usingizi wa mtu mzima. Ulisema ulijifungia na wajukuu, mkamsikia akitafuna mahindi mabichi kama mtu anayekula miwa, na ulipochungulia ukaona mgongo tu, mnene, unang'aa kama wa pasta wetu siku ya mavuno. (Hapo pasta asisomewe.) Ulicheka, na mimi nikacheka. Halafu ukaniambia habari za jirani yetu Mzee Lukas, jinsi kiboko huyo huyo alivyomrusha pale njia ya ziwani na sasa mguu haukunjiki. Kadi ikaisha hapo hapo. Nilibaki na simu sikioni nikisikiliza hewa, wenzangu chumbani wakaniuliza, mzee, ni nani amekufa? Nikawaambia bado.

Sasa nisikie. Kosa ni langu, na nataka liandikwe, maana kwa mdomo ningelizungusha mpaka lionekane lako. Nguzo zimesimama. Seng'enge iko, roli mbili, nilizinunua mwenyewe nikazisukuma chini ya kitanda. Kiboko hajui kuruka. Ukimwekea waya mmoja kimo cha goti na mwingine juu yake, ukazikaza sawasawa, anaugusa kwa kifua, anaguna, anageuza matako yake makubwa anarudi ziwani. Lakini waya ukilegea anaukanyaga unalala, anapita kama mtu anayevuka kizingiti cha kwake. Wale wanaume wanne wa kanisani waliovuta kwa mikono, washukuru, wape chai, lakini kazi yao nimeisikia: waya umelala kama kamba ya kuanikia nguo, na mgeni alipita juu yake siku hiyo hiyo. Mikono haiwezi. Anayeweza ni Askofu, na Askofu nilimbeba mimi.

Neema alikuwa mdogo, mwambie. Askofu ni kile chombo cha chuma cha kukazia seng'enge nilichopewa na meneja siku shamba la mkonge lilipofungwa. Urefu wake ni kama mkono wa mtu, mgongoni ana meno, ana taya mbili, mnyororo na mpini. Taya moja inauma nguzo, nyingine inauma waya, wewe kazi yako ni kupandisha mpini na kuushusha, jino kwa jino, na waya unakuja wenyewe. Tulimwita Askofu kwa sababu anatembea polepole, anabebwa na watu, na akishashika kitu haachii.

Yule wakala wa Mombasa aliyenitafutia kazi ya huku alisema fundi mwenye chombo chake anachukuliwa upesi. Alinipunguzia pia umri kwenye fomu, nikapaka ndevu rangi nyeusi, ukanicheka wiki nzima. Basi kwa haraka ya furaha nikamfunga Askofu ndani ya blanketi nikaondoka, nikakwambia nitaikaza hiyo seng'enge nikirudi. Miaka miwili. Kazi yenyewe ingenichukua siku mbili. Siku mbili, Mama Samweli, na mimi siku hizo mbili nilizitumia kuaga watu kwenye vilabu.

Ungeniuliza, si umtume Askofu nyumbani tu? Hapo ndipo penye ujinga wangu wa pili, na huu niliufanya na akili zangu zote.

Tunajenga uzio wa maghala huko Dubai Investments Park, mbali, basi la kampuni linatutoa hapa alfajiri. Getini pana sheria: chuma chochote kinachoingia bila karatasi hakitoki. Mwanzoni kila siku Askofu aliandikwa akiingia na kuandikwa akitoka, wenzangu wote wameshapanda basi, mimi nimesimama na chuma kwapani kama mwizi wa kengele. Nikachoka. Mtunza stoo wetu ni Mhindi wa Kerala, anaitwa Joji, mtu mzuri, Mkristo, ana kitambi cha amani. Nikamwambia, Joji, mpake rangi ya buluu kama vyombo vya kampuni, mpe namba, mtie kwenye kitabu chako, apite bila maswali. Akanipa brashi. Nilimpaka mwenyewe! Namba ishirini na tisa nikaiandika kwa mkono wangu huu ulioishia darasa la nne, na sijawahi kuandika vizuri hivyo. Tangu siku ile Askofu alipita getini kama waziri, analala stoo, nami nikawacheka wengine waliobaki na karatasi zao.

Ulipopiga simu, kesho yake nilikwenda kwa Joji nikamwambia nataka chombo changu nikitume kwetu. Alifungua kitabu, akanionyesha mstari, akaniangalia kwa huruma.

"Baba," akasema, "kwenye kitabu si chako."

Nikamwambia kitabu umeandika wewe na rangi nimepaka mimi, sote wawili tunajua. Akasema ndiyo, sisi wawili tunajua, lakini mkaguzi hatujui sisi, anajua namba.

Nikaenda kwa arbab. Huyu bosi wetu si mtu mbaya, ila ana simu mbili na zote zinalia, kwa hiyo anakusikia kwa jicho moja. Nilimweleza kiboko. Nilikosa neno, ikabidi nimwigize, nikapanua mdomo na kutembea kwa miguu ya kando mbele ya meza yake, na vijana wa ofisini wakacheka mpaka wakatoka nje. Yeye alidhani nasema mke wangu ni mnene. Nilipomaliza akaniambia kazi ina tarehe, chombo kile kinakaza kuliko vyake vyote, hakitoki, yalla, rudi kazini. Nikamwomba niazime mwezi mmoja tu. Akanionyesha mlango kwa ile simu nyingine.

Usidhani nilikaa tu. Ijumaa nilikwenda Naif, kule wanakouza kila kitu kuanzia mapazia mpaka saa zisizotembea. Nilipata kichombo cha kuvutia, kipya, kinang'aa, muuzaji akaapa kinavuta gari. Nikakijaribu kwenye uzio wetu wakati wa chai. Nguzo ya tatu kikakunjika kama kijiko cha aluminiamu, na muuzaji nilipomrudia hakunikumbuka sura. Faida ya safari ile ilikuwa moja: nilikutana na Bi Rehema wa Mombasa, anayekuja Naif kununua mapazia na kuyauza kwao. Nilimweleza shida, akasema ana nafasi kwenye mizigo yake, na dereva wa binamu yake hupita kwetu Taveta. Akasema pia kwamba anaondoka Alhamisi, na hangojei mtu, hata kama ni mzee mwenye ndevu za kupaka.

Alhamisi ni kesho.

Basi Jumatatu nikarudi kwa Joji. Sikumwomba kitu, nilikaa tu juu ya ndoo ya rangi nikawa namfuta Askofu vumbi. Akanitilia chai ya maziwa. Kisha akasema polepole, akiangalia mlango, kwamba kitu kizima hakitoki stoo hii. Kilichovunjika arbab anakitazama, anakikata kwenye kitabu, kinatupwa. Na aliyepewa kukitupa hakuna anayemuuliza amekitupa wapi.

Nilimwelewa. Nilikunywa ile chai mpaka mwisho na sikusikia ladha yake.

Jana asubuhi nilimfunga Askofu kwenye nguzo ya kona, ile iliyomwagiwa zege nyingi. Nikampa waya mnene. Nikavuta mpaka pale ambapo siku zote husimama, halafu nikachomeka bomba la maji kwenye mpini ili urefuke, nikalala juu yake kwa uzito wangu wote. Chuma kile ni kizuri. Kilikataa. Nilimwambia kwa Kiswahili, wewe mzee, vunjika, kuna watoto kule. Wenzangu wakaita, baba, inatosha, baba, utakatika. Nikaongeza. Akavunjika mgongo kwa mlio mmoja kama risasi, waya ukaruka ukanipitia shavuni ukachukua kipande cha ndevu, mimi nikakaa chini mchangani.

Walidhani nalia kwa sababu ya shavu. Niliwaacha wadhani hivyo.

Arbab alikuja na simu zake. Aliugeuza ule mgongo kwa ncha ya kiatu, akasema khalas, tupeni. Joji akakata mstari kitabuni haraka, kwa rula. Nilidhani yameisha. Lakini arbab alikuwa bado amesimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizima simu zote mbili.

"Na wewe, mzee," akasema, "bila hicho, nimekuweka hapa kwa kazi gani?"

Niliinama nikaanza kuokota vile vipande nilivyoambiwa nivitupe. Ndevu zimepauka kwa jasho, rangi inanitiririka shingoni, kila mtu anaona umri wangu halisi. Ameniweka kwenye kubeba nguzo mpaka mwisho wa mwezi, kisha ataangalia. Vijana wanabeba mbili mbili. Leo nimebeba moja moja na mara ya nne nikaiburuta. Pasipoti iko kwenye kabati lake. Sijui atanirudisha au atanizungusha, na nimechoka kujifanya najua.

Sasa mfuko. Ndani utakuta vipande vitatu: mgongo uliokatika vipande viwili, na mpini wenye taya. Mnyororo haupo, Joji aliuzuia, maana ule wa zamani uliisha na huu kweli ni wa kampuni, nami sikuwa na uso wa kumwomba zaidi. Vipeleke kwa Fundi Mwangemi anayechomelea mageti pale sokoni. Mwambie asiunganishe tu kama anavyounganisha mageti yake ya kulegea. Aweke bapa la springi ya lori upande wa pili wa mgongo, achomelee kote, na yale meno asiyaguse kwa moto. Mnyororo atafute wa kufungia ng'ombe, ulio mnene. Kisha wale wanne wa kanisani wamjaribu kwanza kwenye zizi la mbuzi, na wewe usimame mbali. Mbali, nimesema, si pale karibu unapopenda kusimama ukitoa amri. Nimeona jana kinachotokea.

Sijui kama huo mgongo utashika. Ninakuandikia kama fundi, si kama mume: huenda usishike. Chuma kilichovunjwa kwa makusudi ni mimi niliyekivunja, na huenda nimekivunjia bure, nikapoteza chombo na kazi na ukabaki na seng'enge ile ile imelala. Nimelifikiria hilo tangu jana na halina upande wa kucheka. Nimelitafuta.

Kwa hiyo sikiliza neno hili, na kama husikii mengine yote, hili lisikie. Mgongo ukikataa, usingoje. Wachukue wajukuu na huyo kuku, nendeni kwa dada yako kule juu, mlale huko mpaka mahindi yaishe shambani. Yakiliwa, yaliwe yote na mabua. Ulinieleza pia kwa kujisifu kwamba baadaye ulitoka na sufuria ukaipiga mpaka akaondoka. Usitoke tena. Yule hajali kelele, siku ile alikuwa ameshiba tu. Nikifika hapo kwa miguu yangu au kwa kurudishwa, mtu wa kwanza nitakayemtafuta ni wewe, na shamba nitaliuliza baadaye, au nisiliulize kabisa.

Msalimie Samweli mwanangu, mwambie aje kukaa nyumbani japo wiki moja, ile baiskeli asiyokubali kuiacha haitakwenda mbinguni bila yeye. Msalimie Neema mjukuu wangu msomaji. Msalimie dada yako, yule asiyenipenda, mwambie ana haki. Msalimie Mzee Lukas jirani na mguu wake, mwambie namwombea, asicheke. Pasta naye msalimie, kwa sauti ya chini.

Bi Rehema anapita kuchukua mfuko kesho saa moja asubuhi na wino huu haujakauka. Niandikie neno moja tu, umehama au waya umeshika. Lolote kati ya hayo mawili nitalipokea kwa magoti.

Mimi mumeo, mwenye shavu la plasta,
Zakaria