Yai Nyuma ya Mfupa wa Kifua

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko ugenini? Huku wote wazima, isipokuwa mimi. Jicho langu moja limekuwa linajifunga lenyewe, hadi wateja wangu wa saluni wakasema nasuka huku nasinzia; kumbe si usingizi. Na mikono ilikuwa inaishiwa nguvu kichwa cha mtu kikiwa kimesukwa nusu. Daktari akanipiga picha ya kifua, akamwita mwenzake. Nikasema, "Jamani semeni, roho inanitoka!" Wakanionyesha: nyuma ya mfupa wa kifua kuna kitu cheupe, cha mviringo kama yai. Mimi! Kifua ambacho hakijawahi kuniuma!

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimalizia sakafuni. Yai gani tena? Wana uhakika picha si ya mtu mwingine? Waambie warudie.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Wamerudia, nimesukumwa kwenye mashine kama mkate kwenye tanuri. Ni yangu. Kuna tezi ya utotoni inaitwa thaimasi, ukikua inasinyaa. Yangu imeota uvimbe, nao umejivika chokaa ukawa mgumu. Daktari anasema ni nadra sana, na ndio unaolegeza misuli yangu. Nikamuuliza, "Hamna dawa ya kuuyeyusha?" Akasema, "Mama, huu hautoki bila kupasua mfupa." Shemeji yako akaomba kiti. Napasuliwa Jumanne.

Dada yako

6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Jumanne imepita, na nyingine imepita. Simu ya shemeji inaita tu. Niandikie chochote, hata tusi.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nipo. Mwandiko usiucheke, mkono bado hauna nguvu. Uvimbe wameutoa wote; eti walipouweka kwenye sahani ya chuma uligonga kama kokoto. Lakini misuli ya kupumulia ikagoma, mashine ikawa inanipumulia. Nilizinduka na bomba kooni, siwezi kusema. Nikamwona shemeji yako, shati amelivaa nje ndani, analia mbele ya wauguzi, mwanamume ambaye hakutoa chozi tulipomzika baba yake. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa nimefika wapi. Nikamminya kidole. Aliruka kama amepigwa na umeme, akakimbilia mlangoni akipiga kelele, "Ameniminya! Nesi, ameniminya!"

Dada yako