Macho Mekundu Niliyaleta Mimi

Kaka Masanja,

Mwangaluka. Mimi huku Dar es Salaam ni mzima, nakula na kulala vizuri. Ila tangu barua yako inifikie, roho yangu iko huko nyumbani Zagayu.

Unasema watoto wote wanaamka macho yamegandana kwa tongotongo, mkeo naye haoni vizuri, na Jumapili mnakwenda kwa mganga mkajue nani amewaroga. Hujataja mtu, lakini mimi si mtoto. Mwenye macho mekundu siku zote hapo nyumbani ni shangazi Holo. Na sote tunajua mapanga yanavyowafuata vikongwe wenye macho kama yale.

Acha, kaka. Ugonjwa huo niliuleta mimi.

Wiki ile niliyokuja kumzika baba, ugonjwa wa macho ulikuwa umewakamata nusu ya wafanyakazi hapa ninapofua mashuka. Ni hospitali ya mtu binafsi, siku hizi zimeruhusiwa, zinafunguliwa kama maduka. Macho yangu yaliniwasha njia nzima, nikasingizia vumbi. Pale msibani mimi binti wa nyumba ndiye niliyepitisha beseni na taulo watu wanawe. Nililia, nikajifuta kwa taulo lile lile, kisha nikampa mkeo. Naye ndiye aliyeanza kuugua, sivyo?

Muuguzi wetu amenieleza nikaelewa. Ni kirusi. Hakionekani, lakini ukijifuta kinabaki kwenye taulo, kwenye kikombe, kwenye komeo la mlango, saa nyingi, hata siku kadhaa. Anayefuata akishika hapo na kujipangusa macho, basi, kimempata. Shangazi macho yake yaliharibiwa na moshi wa mavi ya ng'ombe akitupikia sisi, tangu wewe unatambaa. Moshi hauambukizi!

Chemsheni mataulo yote, kila mtu awe na lake. Beseni liwekeni kando, maji yamiminwe kwa kata. Naweni kwa sabuni, na mikono isiguse macho.

Barua hii anakuletea mwalimu anayekuja Bariadi, ili ifike kabla ya Jumapili. Isome mbele ya wanaume wote. Bosi amekataa kunipa ruhusa. Nakuja hivyo hivyo.

Nisalimie wifi, aniwie radhi kwa macho yake. Shangazi mwambie asifunge mlango, nitalala kwake. Na huyo mganga, akitaja jina lolote lisilo la Minza, mjue ni mwongo.

Ni mimi mdogo wako,
Minza