Hapa Hakuna Vidonge

Kamembe, Jumatatu usiku

Bado nina hasira na mlinzi wa mlango wa chuo kikuu. Wanafunzi wangu wapya walipofika aliwauliza, "Karatasi ya hopitali iko wapi?" Nikamwambia hawakuja kutibiwa, wamekuja kusoma. Akacheka.

Nilikuwa na wasiwasi kwamba hawatakuja. Nani ataamini kwamba watu waliougua akili kwa sababu ya vita, wa hapa na wa ng'ambo ya mto Rusizi, wanaweza kukaa chuoni na kufundishana namna ya kupona? Mungu asifiwe, darasa lilijaa.

Ila nilipoanza kuita majina, moyo uliniuma. Kila niliyemwita alikuja mbele, akanyoosha mkono na kungoja. Walikuwa wanangoja vidonge. Nimekuwa muuguzi wao miaka mingi, na sauti yangu wanaijua hivyo tu.

Aliyeniokoa ni Maman Furaha, muuza vitenge wa Bukavu, ambaye wodini kwetu alikaa miezi bila kutoa neno.

"Bandugu, mukae," alisema. "Hapa habatupatie dawa. Bakikuita jina, unasema 'présent', ni kusema 'niko hapa', ni byote."

Nikaanza upya. Wakajibu mmoja mmoja, mzee mmoja kwa sauti ya kutisha, tukacheka wote. Asante, Mungu, kwa kicheko kile.

Tulipotoka, mlinzi alimsimamisha Maman Furaha. "Weye, unagonjwa nini?"

"Présente," akamjibu, akapita.