Kitambaa Nilichokiosha Mara Saba

Baba,

Leo umetimiza siku arobaini. Hitima imesomwa, wageni wanakunja mikeka, na mimi nimekaa nyuma ya jiko na daftari la Jiografia kwa sababu ndilo lenye kurasa tupu. Kuna jambo ambalo mpaka leo mchana nilidhani nalijua peke yangu. Nivumilie mwandiko.

Unaikumbuka siku Bwana Nyama wa idara ya wanyamapori alipokuja hapa Naipingo na ile bunduki inayojipakia yenyewe? Aliangusha nguruwe wawili kwenye muhogo kabla hatujaziba masikio. Baba Mdogo aliomba kuishika, akaishika kama mtoto mchanga, akakuambia gobori lenu sasa linafaa kusongea ugali. Ulicheka. Ukasema, "Hiyo haiulizi. Yetu inauliza kila mara, unakwenda kumpiga nani?"

Jioni ile ulinifundisha namna ya kulijibu swali hilo. Baruti hukuniruhusu kuigusa, lakini karatasi za kufungia vipimo vya baruti na risasi zilitoka kwenye madaftari yangu ya zamani, na herufi niliziandika mimi. K ni kwale, vigololi vidogo vidogo. N ni nguruwe, risasi moja nene na baruti zaidi. Ulisema ukimpiga nguruwe kwa kifurushi cha kwale hujamuua, umempa siku tatu za mateso, na hiyo ni dhambi hata kama nyama yake hatuli na majirani zetu Wakristo ndio watakaokuja kuichukua.

Halafu kile kitambaa. Gobori lilikuwa la watu wawili, wewe na mdogo wako, kwa hiyo mlikuwa na kipande cha khanga nyekundu. Aliyejaza alikifunga kwenye kifyatulio, aliyepiga alikifungua. Kikiwepo, limejaa. Kisipokuwepo, ni tupu. Hamkuhitaji kuulizana, hata siku mlizonuniana.

Jumatano ile Baba Mdogo alijaza kifurushi cha kwale asubuhi, akafunga kitambaa, akatundika bunduki msumarini, akaenda Mtua kusaga mahindi. Mimi niliporudi kutoka shule nilikiona kina damu iliyokauka, ya yule nguruwe wa wiki iliyotangulia. Madrasa tulikuwa tumefundishwa kwamba kilichoguswa na nguruwe kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Na kilikuwa kinaning'inia juu ya mkeka wako wa kusalia, Baba. Nikakifungua. Nikakiosha mara saba, nikihesabu kwa sauti. Nikakianika nyuma ya nyumba. Nilitaka uje ukione kimekuwa chekundu tena, unisifu.

Nilijua maana yake. Sitakudanganya. Nilisema moyoni nitakirudisha kabla ya magharibi, kwani nguruwe hawaji mchana.

Siku ile kulikuwa na mawingu. Saa kumi Mama akaja mbio mpaka mlangoni kutoka shambani, akiita kwamba nguruwe wameingia kwenye mahindi. Mimi nilikuwa kisimani. Mama anasema uliingia mbio, ukatazama kifyatulio, ukachukua kifurushi cha N, ukashindilia, ukatoka. Herufi ile ni yangu. Nilisikia mlio ambao haukuwa wa gobori letu; kwa vifurushi viwili ndani yake, mtutu ulipasuka.

Kabla hawajakupandisha kwenye baiskeli ulisema maneno mawili tu. "Kitambaa hakikuwepo." Watu wote walisikia. Hukufika hospitali.

Baba Mdogo alirudi na unga begani akakuta kilio. Alisema, "Nilikifunga." Akasema mara moja tu, akaenda nyuma ya nyumba kuutua mzigo, na aliporudi hakusema tena. Watu wakaona kunyamaza kwake ndiko kukiri. Bibi, mama yake mwenyewe, hakupokea mkono wake msibani. Wanaume wakaacha kula naye sahani moja. Na mimi, Baba, mimi niliyekuwa wa kwanza darasani katika somo la Dini, nilikitoa kitambaa kwenye kamba giza lilipoingia nikakificha kwenye begi la shule. Siku arobaini nimekwenda nacho shule na kurudi nacho.

Leo baada ya hitima alifunga mzigo wake kwenda Matambarale kwa wakwe zake, asirudi. Nilimfuata mpaka njia panda. Nilikitoa tu kitambaa.

Alikitazama. Akasema, "Kirudishe begini, mwanangu. Nilikiona kwenye kamba siku ile ile. Kilikuwa bado kinadondosha maji."

Nilikaa chini barabarani. Alijua. Alijua alipokuwa anachimba kaburi lako pembeni, peke yake, kwa sababu hakuna aliyetaka kushika jembe naye. Akaniambia, "Wewe una mtihani mwaka huu. Mimi nina miguu ya kuhama."

Nilirudi mbio nikasema. Nilisema mbele ya Mama na Bibi na wanawake waliokuwa wanaosha masufuria. Hakuna aliyenipiga. Ningepigwa ningejua la kufanya. Bibi alijishika kichwa. Mama alikichukua kitambaa, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena, kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mkimbilie baba yako mdogo. Mwambie mama yake anamwita."

Nilimkuta pale pale nilipomwacha, amekalia mzigo wake.

Sasa anakula. Bibi yuko kando yake. Hawajazungumza, lakini sahani ni moja, na Bibi amemsogezea kipande cha kuku. Mama bado hajanitazama usoni. Nitamngoja.

Baba, bunduki haipo, polisi walichukua vyuma vyake. Msumari upo. Kitambaa Mama amekitundika hapo, juu ya mkeka wako. Mtihani nitaufanya, na nikifaulu, Baba Mdogo ndiye atakayenisindikiza shule ya bweni Nachingwea na sanduku langu. Na nakuahidi, nikikosea tena nitasema siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi, hata kama sauti haitoki.

Lala salama, Baba. Nisamehe ukiweza.

Binti yako,
Somoe